Makala Isomwe, Isihesabiwe

Mwaka 1969, jarida la Physics Education, linalosomwa zaidi na walimu wa fizikia, lilichapisha makala ya kurasa nne yenye majina mawili. La kwanza ni la Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania aliyekuwa wakati huo akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, mkoani Kilimanjaro. La pili ni la Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam. Jina la Mpemba limevuma dunia nzima kwa sababu ya hoja yao kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Makala yenyewe imesomwa na wachache. Naanza nayo kwa sababu sijaona andiko jingine lililotoka katika jiji hili linaloonyesha maadili ya uchapishaji wa kitaaluma kwa uwazi kama hilo.

Sehemu ya kwanza anasimulia Mpemba mwenyewe. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombewa, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akalifanya swali hilo kuwa kichekesho cha darasa. Osborne alipoitembelea shule hiyo kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akamuuliza. Wenzake wakacheka.

Sehemu ya pili ni ya Osborne. Anaeleza kwamba hakuwa na jibu, na kwamba alidhani kijana amekosea. Hata hivyo aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Osborne angeweza kuliacha tamko hilo libaki maabara. Aliliandika, likachapishwa, na msomaji wa leo anaona jinsi mtafiti anavyovutwa kurudia jaribio hadi limpe alichokitarajia.

Tazama jinsi majina yalivyopangwa. Mwenye swali ametangulia, mwenye cheo amefuata. Profesa angeweza kumshukuru kijana kwa mstari mmoja mwishoni, na katika desturi za wakati ule nadhani hakuna ambaye angemlaumu. Mhariri naye angeweza kudai kwamba simulizi ya mwanafunzi haina nafasi katika jarida. Hakudai hivyo. Kila aliyechangia alitajwa kwa kadiri ya mchango wake, na mbinu zikaelezwa kiasi kwamba mtu mwingine, popote alipo, aweze kuzirudia.

Na kweli zilirudiwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walikusanya data za watangulizi, zikiwemo za Dar es Salaam, wakafanya majaribio yao, kisha wakaandika katika Scientific Reports kwamba hawakuona ushahidi wa maana kuwa maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wakachapisha katika Nature jaribio lililotumia chembe ndogo sana ndani ya maji, ambapo iliyoanza ikiwa na joto zaidi ilifika kwenye ubaridi haraka zaidi. Mjadala bado upo hai. Makala inaweza kupingwa na bado ikawa ya kiadilifu, ilimradi yule anayeipinga ameachiwa kila anachohitaji ili kuipinga.

Sasa chukua makala hiyohiyo, ipeleke mbele ya kamati ya kupandisha vyeo katika chuo kikuu chetu chochote cha leo. Kurasa nne. Jarida la walimu. Mwandishi wa kwanza hana hata shahada. Swali la kwanza mezani litakuwa ni jarida hili liko kwenye orodha gani na lina pointi ngapi. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo, na ndiyo hoja yangu katika safu hii: uchapishaji wa kitapeli umestawi kwetu kwa sababu vyuo vimeacha kusoma makala, vimebaki kuzihesabu.

Mhadhiri msaidizi anayetaka kuwa mhadhiri, na mhadhiri anayetaka kuwa mwandamizi, wote wanajua kwamba kufundisha vizuri hakutawavusha peke yake. Lazima wawe na makala zilizochapishwa katika majarida yenye wahakiki, yaani wataalamu wanaoisoma kazi kabla haijatoka na kuikosoa bila upendeleo. Kanuni hii ni nzuri. Lakini mhadhiri huyohuyo anafundisha ukumbi wa mamia ya wanafunzi, anasahihisha mitihani yao, anasimamia tasnifu, na mara nyingi hana fedha ya utafiti. Jarida makini linaweza kukaa na makala yake miezi minane, kisha likairudisha na kurasa tatu za maswali. Muda wa kuomba cheo haumsubiri.

Katika hali hiyo inaingia barua pepe. Nimesoma nyingi za aina hii, zangu na za vijana wanaoniletea waniulize kama ni za kweli, nazo zinafanana kama mapacha. Inamwita profesa mtu ambaye hajafika hata uhadhiri mwandamizi. Inasifu makala yake bora kuhusu rutuba ya udongo wakati yeye anafundisha fasihi. Inamwomba atume kazi yoyote, hata fupi, kabla ya Ijumaa. Inamwahidi jibu ndani ya saa 72, na kumwalika awe mjumbe wa bodi ya uhariri. Ada inatajwa mwishoni, dola 100 au 150, tena kuna punguzo kwa Waafrika. Jina la jarida lina neno Kimataifa, au Ulaya, au Marekani, na anwani yake ukiifuatilia inakupeleka kwenye chumba cha kupanga.

Kijana mmoja wa chuo kilichoko upande wa Temeke alinionyesha ripoti ya wahakiki aliyopewa na jarida la namna hiyo. Ilikuwa sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kazi ni nzuri, ya pili ilimtaka arekebishe nafasi kati ya aya. Alikuwa amekaa na data zake miaka miwili, amehoji wazazi shuleni jioni baada ya vipindi, na kazi yenyewe ilikuwa na jambo la kusema. Ilikuwa pia na kosa kubwa la takwimu ambalo mhakiki yeyote wa kweli angeliona kwenye jedwali la pili. Jarida lilichukua fedha, likachapisha kosa, na sasa kosa hilo lina jina lake mtandaoni. Huyu kijana ameibiwa. Tukimwita mdanganyifu tutakuwa tumemwonea, maana alichotaka ni mtu wa kumsomea kazi yake, na hakuna aliyemsomea: si jarida, si msimamizi wake wa zamani, si kamati iliyompa pointi.

Ada peke yake haitoshi kuwa dalili ya utapeli. Majarida mengi ya heshima yanamtoza mwandishi ili msomaji asome bure. Mwaka 2020 Nature ilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja ya wazi. Wachapishaji kadhaa wakubwa husamehe ada yote kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini, na kuwapunguzia nusu tu wale wa kipato cha kati cha chini. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuingia kundi hilo la pili. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mtafiti wa chuo cha Mlimani au Chang'ombe aliyezoea msamaha kamili alijikuta akitafuta nusu ya ada inayohesabiwa kwa maelfu ya dola, bila mfuko wowote wa chuo uliojazwa kuziba pengo hilo. Tapeli wa dola 150 anaufahamu mwanya huu vizuri kuliko mabaraza yetu ya vyuo.

Wengine wanasema dawa ni orodha: tutenge majarida mabaya, tuyapige marufuku. Orodha iliyovuma kuliko zote ilitungwa na Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver. Ilisaidia wengi, nami niliwaelekeza vijana wengi kwake. Januari 2017 aliiondoa mtandaoni. Hata ilipokuwepo ilikuwa kazi ya mtu mmoja akiamua kwa macho yake, na jarida changa la Kusini, lenye tovuti duni na Kiingereza cha kuchechemea, liliweza kufanana na la kitapeli hata kama wahariri wake ni watu safi wanaofanya kazi usiku bila malipo. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho nchini Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya uchapishaji ya Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya waandishi kuhusu uhakiki na ada. Hukumu hiyo ilikuja baada ya miaka mingi ya watu kulipa.

Kisha kuna jaribio la John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi. Mwaka 2013 alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini asingeyakosa, akaituma kwa majarida 304 ya wazi. 157 yaliikubali na 98 yaliikataa. Watu wengi wanakumbuka hesabu hiyo. Mimi nakumbuka kwamba waandishi wake wa kubuni aliwapa majina ya Kiafrika ya kutungwa na vyuo vya Afrika visivyokuwepo, kimoja akakiweka Asmara, ili mhariri asishangae akiwatafuta mtandaoni na kuwakosa. Jambo hilo liliniuma. Jina la Mwafrika lilitumika kwa sababu dunia imezoea kutomkuta Mwafrika anapotafutwa. Na miongoni mwa yaliyokubali yalikuwemo majarida yaliyo chini ya wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani, wale ambao kamati zetu zingewapa alama zote bila kufungua ukurasa.

Jina kubwa si kinga. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Uviko, uliodai kutumia data za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Ndani ya siku chache wanasayansi zaidi ya 100 waliandika barua ya wazi wakihoji takwimu. Mojawapo ya hoja zao ilihusu sisi: kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa Uviko wa Afrika, na asilimia 40 ya vifo, vilitokea katika hospitali zilizounganishwa na kampuni moja ya Marekani, Surgisphere, zenye mifumo ya kielektroniki inayorekodi kila kipimo cha kila mgonjwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ya rufaa ya mkoa, akinakili taarifa kutoka daftari za mfumo wa taarifa za afya (MTUHA) zilizoandikwa kwa mkono na watu wanne tofauti, angejua palepale kwamba data hizo haziwezekani. Tarehe 4 Juni makala ilifutwa, baada ya waandishi wenza watatu kukiri kwamba hawawezi kuzithibitisha data zenyewe. Wahakiki wa Lancet walipitisha Afrika ambayo haipo. Muuguzi wa Temeke asingeipitisha, lakini hakuna aliyemuuliza.

Nalitaja hilo kwa uzito kwa sababu jiji hili lina mfano wa upande wa pili, nao haujulikani vya kutosha hata na watu wa jiji lenyewe. Kuanzia mwaka 2004 ulikuwepo mpango wa kudhibiti malaria mjini Dar es Salaam, uliofanya kazi katika kata 15: tano za Kinondoni, tano za Ilala, tano za Temeke. Mwananyamala, Magomeni, Ndugumbi, Keko, Mtoni, Azimio, Miburani na nyinginezo. Wakazi wa mitaa hiyo waliajiriwa kupita kiwanja kwa kiwanja wakitafuta maji yaliyotuama, kwenye mitaro, misingi ya nyumba, bustani za matembele, mashimo ya vyoo na alama za matairi, wakiangalia kama kuna viluwiluwi vya mbu. Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kupulizwa katika kata tatu za kwanza: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Maamuzi ya mahali pa kupuliza yalitegemea kile ambacho watu hawa waliandika kwenye fomu zao.

Mwaka 2009 Prosper Chaki wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha katika Malaria Journal tathmini ya kazi hiyo. Waliwafuata wakaguzi nyuma, wakarudia kukagua viwanja vilevile. Wakakuta kwamba wakaguzi waliripoti karibu theluthi mbili ya maeneo yenye maji, lakini pale ambapo viluwiluwi vya Anofelesi vilikuwepo kweli, walivigundua katika sehemu moja tu kati ya nane hivi. Fikiria ujasiri wa kuchapisha hilo. Watu wa mpango wenyewe ndio walioandika kwamba jicho lao halioni vizuri. Zaidi ya hapo, makala haikuwatupia lawama wakaguzi ikaishia hapo. Ilitafuta sababu, ikataja kutolifahamu eneo na viwanja vilivyozungushiwa uzio ambavyo mkaguzi haingii kirahisi. Mkazi yeyote wa Mikocheni anayejua mageti ya mtaa wake ataelewa mara moja.

Kwangu mimi hiyo ndiyo makala ya kumpa mtu uprofesa. Matokeo yasiyopendeza yalitoka hadharani, na yeyote anayetaka kuanzisha kazi kama hiyo Mwanza, Mombasa au Kinshasa anaonywa mapema. Lakini thamani hiyo huwezi kuiona kwenye jina la jarida wala kwenye idadi ya walioinukuu. Utaiona ukisoma jedwali.

Yapo majarida yetu pia, na hapa hesabu ya pointi inafanya dhuluma ya wazi. Jarida la Kiswahili, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina nasaba inayorudi hadi taarifa za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Mulika na Kioo cha Lugha yamelea wanaisimu na wahakiki wa fasihi wa vizazi kadhaa. Ndani yake umo uhakiki mkali, wenye ugomvi wa hoja na majibu, ambao hutaupata katika majarida ya saa 72. Lakini kwa kuwa vipimo vinavyoabudiwa vimetungwa kuhesabu manukuu ya Kiingereza, mtaalamu wa ushairi wa Kiswahili anajikuta akiandika kuhusu tenzi kwa Kiingereza na kuipeleka kazi yake mahali ambapo mhakiki hajui mizani. Tangu mwaka 1998 tovuti ya African Journals Online imekuwa ikiyaweka majarida ya Afrika mahali pamoja, na kwa vigezo vyake inayapa nyota kadiri yanavyoeleza wazi jinsi yanavyohakiki na kuhariri. Huo ni msaada wa kweli, na vyuo vyetu vingeutumia kabla ya kukimbilia vipimo vya mbali.

Serikali nayo imeingia. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Wizara ya Elimu ilitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wa vyuo vyetu wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Nia naiunga mkono kwa moyo wote, maana mtafiti wa nchi hii amefanya kazi muda mrefu bila kuambiwa hata ahsante. Hofu yangu ni kwamba tuzo inayotazama hadhi ya jarida inaongeza thamani ya jina lililo juu ya makala, na jina ndilo linaloleta balaa jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini katika idara zote: majina ya heshima.

Mkuu wa maabara ambaye hajaiona data anawekwa kwenye orodha ya waandishi. Mfadhili anawekwa. Rafiki anayedaiwa fadhila anawekwa, naye mwaka ujao anarudisha. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba, zilizoanzia Vancouver mwaka 1978, sasa zinataka kila mwandishi awe ameshiriki katika ubunifu wa utafiti au data zake, ameandika au kuihariri makala kwa uzito, ameipitisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia. Sharti la mwisho ndilo linaloumiza, kwa sababu mwenye jina la heshima hawezi kujibia jedwali asilolijua. Wakati huohuo, aliyepita Mtoni kwa miguu miezi sita akijaza fomu anaishia kushukuriwa kwa jumla, bila hata kuambiwa makala imetoka. Kwake sidai uandishi pale ambapo hakuandika. Nadai kwamba matokeo yarudi kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, na kwamba wale waliochangia wazo, kama Mpemba alivyochangia, majina yao yawe juu.

Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kuanza na jambo moja mwaka huu, bila bajeti mpya. Anayeomba kupanda cheo achague makala zake tatu tu, zile anazoona ni bora. Aambatanishe ripoti za wahakiki alizopewa na majibu aliyoyatoa, na aeleze kwa aya moja nani alifanya nini katika kila kazi. Wasomaji wawili kutoka chuo kingine, mmoja wao akiwa nje ya mkoa, wazisome na waandike kurasa mbili kila mmoja, kwa majina yao. Wajumbe wa kamati nao wasome, na asiyesoma asipige kura. Mwenye makala thelathini za kulipia atashindwa kupata tatu za kuleta, na ripoti yake ya sentensi mbili itajieleza yenyewe. Mwenye nne za kweli atapumua.

Wajumbe wa kamati hizo wengi ni wasomaji wa safu hii. Mmesomeshwa na watu waliokaa na rasimu zenu usiku kucha wakiandika pembezoni kwa wino mwekundu. Kikao kijacho, kabla hamjajumlisha pointi za yeyote, ombeni makala ziletwe mezani, na mzifungue.